Etau ya Muzee Twagirimana

Mtu akikuambia Josias Kasereka wa Ndosho, pale Goma, alikuwa fundi mbaya, mkatalie. Fundi alikuwa fundi. Ugonjwa wake ulikuwa mdomo, na mdomo huo ulipata nguvu kutoka kwa kipande kimoja cha chuma kilichoning'inia kwenye msumari nyumbani kwake, kimefungwa kitambaa chenye mafuta kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Kipande hicho ni ekere: vyuma viwili vilivyoungana kwa pembe ya mraba, ambavyo fundi huviegemeza kwenye kazi yake ajue kama imesimama wima au imelala. Alipewa na mwalimu wake kule Butembo siku alipomaliza shule ya ufundi, na tangu siku hiyo Josias hakuambiwa kitu na mtu. Ukimbishia, anajibu, "Zungumuza na ekere." Ekere ikisema umepinda, basi umepinda, kalie kwenu.

Sebuleni, pale wenzake wanapoweka televisheni, yeye aliweka mashine ndogo ya kuchonga chuma, ile mafundi wanaiita freze. Meza yake haikuzidi sinia la kulia watu wanne. Aliinunua ikiwa mfu, akaifufua kwa miezi minane, na tangu hapo Kahindo mke wake hakuwahi kukaa kwenye kiti bila kukipangusa kwanza kwa kiganja, maana vipande vya chuma vilikuwa vimejaa kila mahali. Siku padri alipokuja kubariki nyumba alikaa bila kupangusa, akaruka akisema "Yoo!" mbele ya waumini. Kahindo hakulisahau hilo, na hakumwacha Josias alisahau.

Sasa, freze bila etau ni pambo la nyumba. Etau, ambayo watu wa vitabu wanaiita jiliwa, ndiyo inayokishika chuma kisicheze wakati mashine inakichonga. Ina mataya mawili: moja limetulia mahali pake, jingine linatembea ukizungusha mkono wake. Lile lililotulia lisiposimama wima, kila unachochonga kitatoka kimepinda, hata kama mikono yako ni ya malaika. Josias alilijua hilo vizuri, tena alilijua kupita kiasi. Katika miaka mitatu alikuwa amefukuza etau tatu. Ya kwanza, aliyoanza nayo kazi, aliipima akaona mwanga unapita kati ya taya na ekere, akataka kuinyoosha kwa tupa, akaikwangua mpaka ikafa. Ya pili na ya tatu aliziuza kama chuma chakavu huku akivitukana viwanda vya dunia nzima.

Ndipo mama Nyiransabimana wa Kibati akaja. Huyu mama alikuwa na kinu cha mahindi cha mazutu, yaani dizeli, na kile kipande cha chuma kinachobeba mhimili wake kilikuwa kimepasuka. Mahindi yalishaanza kukauka mashambani, na wateja wake walikuwa wanampita na mabeseni kichwani wakienda kusaga kwingine. Alimletea Josias chuma kizito kimefungwa kwenye kitenge.

"Papa Josias, nitengenezee piesi ingine. Lakini ile ya mwaka jana ilikula beringi mbili."

"Nilikuambia, mama, ni mafuta yako. Mafuta mabaya inakula beringi."

"Nilibadilisha mafuta."

"Basi ona, sasa itakuwa muzuri," alisema Josias, bila hata kukohoa. "Lakini sina etau. Kwanza nitafute etau."

"Twende pamoja. Nisije nikaambiwa tena wiki mbili kwamba uko unatafuta."

Walianzia magasin moja mjini. Muuzaji aliwashusha kutoka rafuni etau mpya inayopinduka kila upande, inang'aa utadhani ya harusi. Josias hakushikwa na macho, hilo nampa. Aliizungusha, akapima urefu wake kwa shubiri, akasema kwamba ukiiweka kwenye meza ya freze ndogo kama yake, nafasi itakayobaki juu ni ya kupitisha biskuti. Tena kitu chenye viungo vitatu kinatetemeka mahali patatu. Kulikuwa na nyingine, ya bluu, fupi, haina madoido, dola sabini. Hiyo ilikuwa afadhali, lakini taya lake linalotembea lilikuwa linajiinua kidogo likibanwa. Josias akasema watarudi.

Kutoka hapo wakapanda moto, yaani pikipiki ya kukodi, mpaka Ndosho, kwenye barabara kubwa, pale muzee Twagirimana alipokuwa anatandaza turubai lake kila asubuhi. Alikuwa mtu aliyekula chumvi nyingi, mwembamba, kofia yake haikuvuliwa hata kanisani, watu walisema. Zamani alikuwa na karakana yake Kalengera. Vita vilipofika kwao akashuka Goma, na sasa alikuwa anauza vyombo vilivyotumika: misumeno, tupa, nyundo zisizo na mpini. Akinunua kwako kitu kilichoharibika, atakuambia mbele ya watu kwamba kimeharibika, na akikiuza atasema vilevile. Kwa hiyo watu walimwamini, na kuaminiwa ndiyo ilikuwa kazi yake yote, maana vitu vyenyewe vilikuwa kutu.

Katikati ya turubai kulikuwa na etau. Ya kijivu, nzito, pana sawasawa na meza ya Josias.

"Hiyo dola makumi ine," alisema muzee. "Siyo ya kununua kwa mutu. Ni yangu mwenyewe. Siku ya kukimbia Kalengera moto ilikuwa na nafasi ya mutu na muzigo moja. Niliacha godoro, nikabeba hiyo."

"Kwa nini unaiuza sasa?" aliuliza mama Nyiransabimana.

"Mama, nitaifunga kwenye meza gani?"

Josias alishapiga magoti. Na hapo watu walianza kujaa, maana Josias akipima kitu anapima kama anayehubiri. Aliomba karatasi, akaichana vipande vinne vyembamba, akabana navyo kipande cha chuma ndani ya etau, viwili juu, viwili chini. Akavuta kimoja kimoja. Hakuna kilichotoka.

"Munaona?" aliwaambia watu. "Kama taya lingeinuka, karatasi za chini zingetoka. Hii inashika."

Wamotari walioegesha pikipiki pembeni wakatikisa vichwa kama wanafunzi. Mama Nyiransabimana akashusha pumzi. Yangeishia hapo, huyu angeondoka na etau yake, yule na dola zake, na mimi nisingekuwa na la kusimulia. Lakini Josias akatia mkono kwenye koti, akatoa kitambaa, akafungua ekere.

Akaiegemeza kwenye taya lililotulia. Akainama, jicho moja amelifumba. Akakaa hivyo kitambo. Kisha akaiondoa, akaifuta, akairudisha.

Mwanga ulikuwa unapita. Mstari mwembamba, unene wa karatasi, lakini ulikuwepo.

"Imepinda," alisema.

"Haijapinda, mwanangu," alisema muzee.

"Ekere inasema imepinda."

"Nimefanya nayo kazi miaka makumi mbili."

Lingekuwa jambo la kusema ahsante na kuondoka. Lakini watu walikuwa wamemzunguka, na Josias alikuwa ameshawaonyesha yeye ni nani, na kichwa kilikuwa kimemvimba. Akasimama, akapaza sauti.

"Miaka makumi mbili umedanganya watu, basi! Wewe ni fundi, unajua hii etau imepinda, na unaiweka hapa, unamueleza mama wa watu hadithi ya godoro. Watu wa kwenu ndivyo muko. Mukiona mutu wa kudanganya, munachekelea tu."

Pale Ndosho kila mtu alijua kwao muzee ni wapi, na watu wa huko ni kina nani, na maneno hayo ya ukabila, miaka hii ya vita, yanaweza kumfikisha mtu wapi. Kicheko kilichokuwa kinatokea kwa wamotari kilikatika. Mama Nyiransabimana, ambaye naye ni wa kabila la muzee, alikuwa amesimama mgongoni kwa Josias na kitenge chake.

Muzee Twagirimana hakumtazama Josias usoni. Alikuwa anaitazama ekere mkononi mwake, akaitazama sana, kwanza upande huu, halafu upande ule. Akafungua mdomo. Kisha macho yake yakapita juu ya bega la Josias, yakamwona mama, na mdomo ukajifunga.

"Sawa, papa," alisema. "Kama hauitaki, iache."

Akachukua kitambaa, akaanza kuifuta ile etau pale Josias alipoishika.

Siku ileile Josias alirudi mjini akanunua ile ya bluu. Mama alimwachia chuma chake akatangulia kurudi Kibati, na kwaheri yake ilikuwa fupi sana. Josias aliliona hilo, akajiambia mama amechoka na jua.

Nyumbani aliifunga etau mpya kwenye meza ya freze, akaipiga bolti, akaifuta mafuta ya kiwandani, akachukua ekere. Kahindo alikuwa anachambua maharage pale pale kwenye kiti, baada ya kukipangusa.

Mwanga ukapita.

"Aka!" alisema Josias. "Hata hii! Dola makumi saba! Hii dunia imekwisha, Kahindo, hakuna tena mutu anatengeneza kitu sawa. Lete tupa."

Kahindo hakuinuka. Alitoa jiwe kwenye maharage, akalitupa mlangoni, akamwita mumewe kwa jina la mtoto wao.

"Papa Élodie, hii ni ya ngapi?"

"Ya ngapi nini?"

"Etau. Ulifukuza tatu. Ya muzee ya ine. Hii ya tano." Akatoa jiwe jingine. "Mimi sijue mambo ya chuma. Lakini mwanaume akioa mabibi watano, na wote watano akawafukuza akisema wana tabia mbaya, mimi siendi tena kuuliza habari ya mabibi."

Josias alicheka. Alicheka vizuri kabisa, kisha kicheko kikamkwama. Akaitazama etau ya bluu. Akaikumbuka ile ya kijivu. Moja imetoka kiwandani juzi, nyingine imetoka Kalengera juu ya pikipiki, na mwanga wake ulikuwa mmoja: upande uleule, unene uleule. Akaikumbuka ya tatu. Akaikumbuka ya pili.

Kuna njia ya kuipima ekere yenyewe. Haihitaji kitu, ni ubao na kalamu ya risasi. Unaiegemeza ekere kwenye ukingo ulionyooka wa ubao, unapiga mstari. Unaigeuza itazame upande wa pili, unapiga mstari mwingine kuanzia palepale. Ekere ikiwa nzima, mistari miwili inalaliana inakuwa mmoja. Ni kitu cha kwanza mwanafunzi anachofundishwa, wiki ya kwanza, kabla hajagusa tupa. Josias mwenyewe alikuwa amewafundisha watu.

Alichukua ubao wa kukatia mboga. Akapiga mstari. Akageuza. Akapiga wa pili.

Mistari ilianza pamoja chini, ikaachana. Kufika juu, kati yake ungeweza kupitisha punje ya mchele.

"Inasema nini?" aliuliza Kahindo.

Josias alikuwa amekumbuka mwaka ule volkano ilipotoka, walipokimbilia Sake na godoro kichwani, na ardhi ikawa inatetemeka siku baada ya siku. Waliporudi walikuta vitu vyote vimeanguka. Ekere ilikuwa chini, juu ya jiwe la lava lililochomoza sakafuni, na mota ya zamani imeilalia. Aliiokota. Akaifuta. Akaibusu, Mungu amsamehe, akaitundika tena kwenye msumari bila kuipima. Nani anapima ekere ya mwalimu wake?

Miaka yote ile. Etau yake ya kwanza, nzima kabisa, aliiua kwa tupa mwenyewe. Nyingine mbili zilikwenda na chuma chakavu. Piesi ya mama Nyiransabimana ilikuwa inakula beringi, naye akamlaumu mama wa watu kwa mafuta. Na muzee. Hapo Josias alitamani ardhi ipasuke immeze, na Goma si mji wa kutamani jambo kama hilo kwa sauti.

"Na ile ya muzee?" aliuliza Kahindo. Alikuwa ameshaelewa. Wanawake wa Butembo wanafanya hesabu haraka.

"Ilikuwa nzima."

"Na wewe ulimuambia nini?"

Alimwambia, yote, hata yale ya "watu wa kwenu". Kahindo aliweka sinia la maharage chini. Hakumkemea. Alimtazama tu, kisha akaenda jikoni, na Josias akaona heri angekemewa.

Unadhani alikwenda kesho yake kuomba samahani? Hakwenda. Mtu wa kumsuta muzee barabarani mchana kweupe alishindwa kuvuka barabara ileile. Jumapili alikwenda misa ya pili badala ya ya kwanza. Akitoka kununua bolti alipitia juu, kwenye mawe, akaharibu viatu. Alijiambia ana kazi nyingi. Alijiambia muzee ameshasahau, wazee wanasahau. Usiku alijua anajidanganya, mchana akaendelea kujidanganya, na piesi ya mama hakuigusa, maana angeipima na nini?

Wiki ya pili Kahindo alirudi kutoka shirika, ule mkutano wa jumuiya ya kanisa, akavua viatu, akasema akiwa bado amesimama:

"Muzee Twagirimana sasa hivi wanamuita Etau ya Kupinda. Wamotari wakipita wanamupigia honi, wanamuimbia. Mama Héritière anauza karibu naye, anasema siku nzima mutu anashika nyundo, anaambiwa 'Angalia, huyo muzee njo yule,' anairudisha. Hata nyundo, papa Élodie. Nyundo inapinda wapi?"

"Nitaenda."

"Wakati gani?"

"Kesho."

Na kesho yake alikwenda kweli. Lakini alikwenda saa kumi na mbili ya asubuhi, ukungu bado haujaondoka, barabara tupu. Alikuwa amepanga vizuri: atainunua ile etau kimyakimya, kwa bei ya muzee, hata kwa zaidi, na muzee ataelewa, na yataisha. Ndivyo waoga wanavyopanga.

Muzee alikuwa ndiyo kwanza anakunjua turubai. Mbuzi wa mtu alikuwa anatafuna karatasi pembeni.

"Jambo, muzee."

"Jambo."

"Nimefikiri. Nitachukua ile etau. Sitaomba upunguze."

Muzee aliendelea kutandaza, akaweka mawe kwenye pembe. Katikati ya turubai kulikuwa na alama ya kutu, mraba, pana kama meza ya freze.

"Haiko."

"Umeiuza?"

"Watu wa chuma chakavu walipita. Waliipima na kilo, pamoja na shoka zilizovunjika." Akanyoosha mgongo. "Haikukaa hapa bure, ujue. Watu walikuwa wanakuja kuiangalia na kucheka. Nikachoka."

"Ilikuwa nzima, muzee!" Lilimtoka Josias lenyewe.

Muzee akamtazama kwa mara ya kwanza. "Ulijua lini?"

"Wiki mbili." Sauti yake ilikuwa chini. "Ekere yangu njo imepinda."

"Ninajua."

"Unajua?"

"Niliiona siku ile. Etau yangu naijua. Mwanga ukipita pale, ni ekere. Nilitaka kukuambia uigeuze, upige mistari mbili."

"Sasa juu ya nini haukusema?"

Muzee akaokota tupa, akaipangusa kwenye suruali. "Client wako alikuwa nyuma yako. Mama ameshika chuma chake mukononi, anangoja umufanyie kazi. Fundi akionekana mbele ya client kwamba ekere yake ni ya uongo, nani atamupa kazi tena? Uko na watoto. Mimi niko muzee. Nikasema, acha anitukane, yataisha." Akaiweka tupa mahali pake. "Sikujua kama hayataisha."

Josias alisimama pale. Muzee, ambaye yeye alimwita mwongo, alikuwa amemfichia aibu yake, na yeye ametembea nayo wiki mbili kwenye mawe ya juu.

"Muzee, nisamehe."

"Matusi uliileta saa ine, barabara imejaa," alisema muzee bila hasira. "Pardon unaniletea saa hii, tuko wawili tu, na mbuzi?"

Josias alirudi nyumbani. Alimpigia simu mama Nyiransabimana, akamwomba ashuke kutoka Kibati, wakutane Ndosho saa nne, pale kwa muzee. Mama aliuliza kama piesi iko tayari. Josias akasema hapana, lakini aje. Kisha akachukua ubao wa kukatia mboga, akaupangusa vizuri, na Kahindo akajifunga kitenge akamfuata bila kuitwa.

Saa nne barabara ilikuwa imejaa kama kawaida: pikipiki, mikaa, mama Héritière na nyanya zake, wamotari wakibishana. Mmoja alimwona Josias akapaza sauti, "Mwalimu amerudi! Leo unapima nini?" Watu wakacheka wakajikusanya. Mama Nyiransabimana alishafika, amesimama kando.

Josias alipiga magoti palepale. Kalamu ya risasi ilimponyoka mara mbili.

"Munakumbuka ile siku," alianza, akaitoa ekere kwenye kitambaa. "Munakumbuka nilisema etau ya muzee imepinda. Angalieni."

Akapiga mstari. Akageuza ekere. Akapiga wa pili. Akauinua ubao juu watu waone.

Waliojua walijua mara moja. Waliokuwa hawajui waliambiwa na waliojua. "Kumbe ni ekere!" alisema motari mmoja. "Kumbe ni yeye!" Kikaenda kicheko, na safari hii kilikuwa chake, akakipokea chote akiwa amepiga magoti.

"Etau ya muzee ilikuwa nzima," alisema. "Muzee hakudanganya mutu. Mimi njo nilidanganya. Mutu atakayemuita tena Etau ya Kupinda, aniite mimi."

Mama Nyiransabimana akasogea mbele. "Ile piesi yangu ya mwaka jana?"

"Ilikuwa imepinda, mama. Haikuwa mafuta yako."

"Nilibishana na muuza mafuta mpaka leo hatusalimiani."

"Ni mimi, mama."

Mama akasema, polepole, na watu wote wakasikia:

"Etau, sawa, ekere ilikudanganya. Na ile ingine? Ile ya 'watu wa kwenu'? Ile nayo ekere njo ilikusemesha?"

Hakuna aliyecheka. Josias alitazama chini, kwenye ile alama ya kutu. Angeweza kusema ni hasira, au jua. Nyuma yake alimsikia Kahindo akivuta pumzi.

"Hapana," alisema. "Ile ilitoka kwangu mwenyewe."

Mama akafungua mdomo kudai chuma chake, nadhani, na ilikuwa haki yake. Lakini muzee Twagirimana alishaanza kuinuka, goti moja, halafu jingine. Akatia mkono ndani ya kijisanduku alichokuwa anakalia, akatoa kitu kimefungwa kwenye karatasi ya saruji. Kilikuwa ekere. Ndogo, nyeusi kwa uzee, pembe zake safi. Akaiegemeza kwenye ubao uleule, pembeni ya mistari ya Josias, akapiga mstari, akageuza, akapiga tena. Ukaonekana mmoja.

"Mama," alisema, "kinu chako kimesimama. Huyu anajua kazi. Muache amalize, lakini apime na hii."

Mama alimtazama muzee, akamtazama Josias, hakukubali wala hakukataa. "Ijumaa," alisema mwishoni. "Na nitakuja na mutu wa kuipima."

Muzee akamnyooshea Josias ekere. Haikuzidi uzito wa kijiko, lakini Josias aliipokea kwa mikono miwili na hakuweza kuinua uso. Yule mzee hakuwa na etau tena, wala meza, wala karakana, na sasa alikuwa anampa kitu cha mwisho cha ufundi wake, mbele ya watu, yeye aliyemvua nguo mbele ya watu haohao. Machozi yalimtoka, mtu mzima, wamotari wakitazama.

"Nikimaliza, muzee, nitakuletea mara moja. Hata asubuyi kabisa."

"Hapana," alisema muzee Twagirimana, akakaa tena juu ya kijisanduku chake, akavuta kofia. "Asubuyi hapana. Utaniletea saa ine."